Ikiwa Joto Limezidi Arobaini

Darasa lilikuwa juu ya ghala la rangi za vigae, chumba kirefu chenye madirisha yaliyopigwa misumari na kompyuta ambazo ofisi nyingine zilikuwa zimezikataa. Kila siku baada ya chakula cha mchana, makarani wa kiwanda walipanda ngazi ya chuma, wakaketi bila kusalimiana. Zamani walikuwa wakisalimiana. Waliacha siku meneja alipotangaza kwamba idara ya kumbukumbu inapunguzwa. Atakayefaulu mafunzo ya programu atabaki na kiti chake, na atakayeshindwa atapelekwa ukumbi wa tanuri akasukume toroli. Tangu hapo, hata mtu akipiga chafya, hakuna aliyemtakia afya.

Mama Pacha alikaa karibu na mlango kwa sababu viti vingine vyote vilikuwa vimewekewa mikoba. Kazi yake ilikuwa kuandika lebo za maboksi, na kabla ya mafunzo hayo hakuwahi kuiamuru kompyuta ifanye lolote isipokuwa kuchapisha. Nyuma yake alikaa karani waliyemwita Bwana Tai, kwa kuwa alivaa tai hata siku za kufanya usafi. Bwana Tai alikuwa akivuta pumzi kwa pua kila Mama Pacha alipokosea herufi, na kwa jinsi alivyokosea, pua ile haikupumzika.

Mkufunzi alikuwa binti mwembamba aliyeajiriwa kwa muda. Hakukipenda kiwanda wala watu wake, na hakujisumbua kuficha.

"Kompyuta ni mtoto mtiifu asiye na akili," alisema. "Unamwambia: pita kila chumba. Ikiwa taa inawaka, izime. La sivyo, endelea. Kule kupita kila chumba ndicho kitanzi. Ile 'ikiwa' ndiyo sharti. Basi. Mtu akishindwa hapo, sijui kwao walimfundisha nini."

"Kitanzi ninachokijua mimi ni cha kunyongea," alisema Bwana Tai.

"Ni hicho hicho," mkufunzi alijibu, akafuta ubao.

Grafu waliyopewa ya kufanyia mazoezi ilikuwa ya joto la ukumbi wa tanuri, kiangazi cha mwaka uliopita. Haikuchaguliwa kwa sababu yoyote. Ilikuwepo tu. Mstari mwekundu ulipanda na kushuka kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Programu ilitakiwa kupita kila nukta, kutoka kushoto kwenda kulia, na kusoma joto lake. Ikiwa limezidi arobaini, iandike JUU. La sivyo, iandike SAWA. Arobaini ndicho kiwango kilichobandikwa ukutani kule tanuri. Joto likizidi hapo, wafanyakazi walipaswa kutolewa nje.

Mama Pacha alikijua kiangazi kile. Mumewe, Baba Pacha, alianguka ndani ya ukumbi huo akiwa ameshika toroli, na hakuinuka tena. Kiwanda kilisema joto lilikuwa la kawaida na kwamba marehemu alifika kazini akiwa na homa. Mama wa marehemu aliyapokea maneno hayo kama yalivyo, kisha akauliza ni mke gani anayemwacha mume mwenye homa atoke nyumbani. Swali hilo alikuwa akiliuliza hadi leo.

Mama Pacha aliandika mistari yake kwa kidole kimoja. Alisahau nukta pacha, akairudisha. Alikosea kuandika "ikiwa", pua nyuma yake ikavuta. Mwishowe akaiendesha programu.

SAWA, iliandika kompyuta. SAWA. SAWA. Kadiri kitanzi kilivyoupanda mlima wa mstari, chumba kilipata joto. Kwanza lilikuwa la kawaida, kama la watu wengi chumbani. Kisha likaja lile la tanuri lenyewe, lenye harufu ya udongo mbichi unaokauka kwa lazima. Viti vya plastiki vikalainika miguu. Mkufunzi alivua koti lake. Kompyuta ikaandika JUU, mlango ukafunguka, akaingia Baba Pacha.

Alikuwa amelowa jasho hadi kiunoni, glavu kwapani. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeingia ofisi siyo.

"Maji yapo?" aliuliza.

Mama Pacha hakushtuka. Alichohisi ni ile aibu ya mtu aliyefikiwa na mgeni kabla hajafagia. Aliinuka, akamimina maji kutoka kwenye jagi la pembeni, akampa kwa mikono miwili. Baba Pacha akanywa bila kupumua.

"Leo kuna moto, Mama Pacha," alisema. "Nimemwomba msimamizi wa zamu nitoke kidogo. Ameniambia nimalizie toroli hili kwanza."

Alitaka kusema jambo jingine, lakini kitanzi kilikuwa kimeshafika nukta iliyofuata, mstari ukashuka, kompyuta ikaandika SAWA. Glasi ilibaki ukingoni mwa meza, na mlango ukawa umefungwa.

Mkufunzi alikuja kutazama skrini. "Imefanya kazi," alisema. "Ila nafasi hizi umeziacha ovyo. Zipange."

"Wengine wana bahati," alisema Bwana Tai akilegeza tai. "Wanasaidiwa na marehemu."

Nyumbani, Mama Pacha na mama mkwe wake waliishi chini ya paa moja kwa sababu kila mmoja alimsubiri mwenzake aondoke. Nyumba aliijenga Baba Pacha, na hakusema ni ya nani kati yao. Bibi hakuzungumza na mkwe wake moja kwa moja. Aliwatumia pacha, hata kama wote wameketi meza moja.

"Mwambieni mama yenu chumvi imezidi," alisema jioni ile.

"Mama," Mama Pacha alimwambia, "leo Baba Pacha alikuja darasani."

Bibi aliendelea kutafuna. "Muulizeni kama alimpa chakula."

"Hakukaa. Alikunywa maji tu."

"Maji," Bibi aliwaambia wajukuu. "Mtoto wangu anatoka alikotoka, anapewa maji."

"Hakuwa na homa, Mama. Ni joto la tanuri lililokuwa limezidi. Kompyuta imeandika. Naye mwenyewe amesema aliomba kutoka akakataliwa."

"Waambieni wajukuu zangu," Bibi alisema, kisha akagundua kwamba anazungumza na hao hao, akasita. "Maneno ya marehemu anayasikia mjane peke yake. Hayo ni ya kale. Mwambieni aniite nami niyasikie."

Siku zilizofuata, kila karani alitakiwa kuiandika programu yake mwenyewe na kuiendesha mpaka mkufunzi aridhike. Baba Pacha alikuja kwa kila mmoja. Aliingia kwa mlango ule ule, akauliza maji yale yale, akasema habari zile zile za msimamizi na toroli. Kunywa kwa mara ya kwanza hakukumsaidia mara ya pili. Jagi liliisha upesi, na bomba lilikuwa uani, kwa hiyo Mama Pacha akawa anashuka na kupanda ngazi ya chuma akilowesha viatu.

Bwana Tai aliona haraka faida iliyokuwa hapo. Programu yake ilikuwa imeshakamilika tangu siku ya kwanza, lakini aliiendesha tena na tena. Kila alipoiendesha, Mama Pacha aliacha mashine yake, akaenda kuhudumia, na mazoezi yake yakabaki nusu.

"Bwana, tafadhali," alimwambia. "Mpe nafasi apumzike."

"Nampa mazoezi ya kutosha kama ninavyojipa mwenyewe," alijibu Bwana Tai. "Mtihani hautamsubiri mumeo anywe. Tena mwambie asimalize maji yote, na sisi tuna koo."

Wengine waliguna kumuunga mkono. Mmoja alianza kuja na chupa yake, akaificha kwenye mkoba.

Safari moja Baba Pacha aliingia jagi likiwa tupu. Mama Pacha alikuwa bado uani. Mumewe alisimama katikati ya darasa akiwatazama makarani mmoja mmoja, nao wakatazama skrini zao. Mama Pacha alipofika na jagi, alikuta mlango unafungwa, na alama ya kiganja chenye jasho imebaki ukutani.

Bibi alikuja na bakuli la chakula lililofungwa kitambaa. Mlinzi wa geti hakumuuliza aendako, kwani mama wa marehemu haulizwi. Alipanda ngazi akisimama kila baada ya hatua, akaketi kiti cha nyuma kabisa, akaweka bakuli mapajani.

"Ni mgeni wa nani?" aliuliza mkufunzi.

"Wa huyo anayekuja," alisema Bibi.

Mama Pacha akaiendesha programu. Joto likapanda, JUU ikaandikwa, Baba Pacha akaingia. Aliomba maji, akapewa, akasema ya msimamizi na ya toroli, darasa zima likisikia. Bibi aliinuka kwa shida.

"Mwanangu, ulikuwa na homa?"

"Sikuwa na homa, Mama. Niliamka mzima. Ni huu moto."

Bibi alianza kufungua kitambaa, lakini fundo lilikuwa gumu na kitanzi hakikungoja. SAWA.

"Tena," alisema Bibi.

Mama Pacha akaiendesha tena. Safari hii kitambaa kilikuwa kimeshafunguliwa. Baba Pacha alilitazama bakuli kwa huruma, akasema hana hamu, joto limemziba.

"Tena."

Akaja tena, akaungua tena, akaenda. Ilipofika mara ya kadhaa, Mama Pacha aliondoa mikono kwenye kibodi. "Basi, Mama. Kila akija anaanza upya. Umeyasikia maneno yake. Homa haikuwepo."

Bibi alifunga bakuli polepole, kingo kwa kingo. Pacha hawakuwepo, kwa hiyo alizungumza na viti.

"Nimesikia," aliviambia. "Hakuwa na homa. Basi aliondoka nyumbani mzima, katika kiangazi kile, ambacho hata kuku walikaa uvunguni. Muulizeni huyu kwa nini hakumshika mkono. Mwenye homa angalau mtu hudhani atapona. Mzima unamwachaje?"

Mama Pacha alikuwa ameamini kwamba siku ukweli utakapofika, utamwondolea mzigo. Kumbe ulikuja tu kuubadilisha bega.

Habari zilimfikia meneja kwa sababu ya viti. Fundi alipeleka ombi la viti vipya, akieleza kwamba vya darasani vimepinda. Meneja alikuwa mtu mpole, aliyesema polepole kama anayemlisha mgonjwa. Alipanda mwenyewe, akasimama ukutani, akaomba aonyeshwe.

Baba Pacha alipoingia na kumwona, alisimama wima, akazishika glavu vizuri. "Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Kazi inaendaje?"

"Inaenda, bosi. Maji yapo?"

"Mpeni maji," alisema meneja.

Baba Pacha alikunywa. Mbele ya meneja hakusema habari za msimamizi wala toroli. Alisema tu kwamba leo kuna moto kidogo, akashukuru, akaenda zake. Mama Pacha alimtazama akiondoka, na hakujua amkasirikie nani kati ya wale wawili.

Meneja aliinama kwenye skrini. "Hii arobaini ameiweka nani?"

"Ndiyo iliyobandikwa ukutani kule tanuri," alisema mkufunzi.

"Ile ni ya zamani. Wekeni hamsini."

"Mstari haufiki hamsini popote."

"Ndiyo maana," alisema meneja. Kisha akawageukia makarani. "Sharti si ni namba tu? Namba hubadilishwa. Kesho kwenye mtihani kila mtu anipe ripoti safi."

Kabla jua halijazama, kibao cha ukumbi wa tanuri kilikuwa kimepakwa rangi mpya na kuandikwa hamsini, na wasukuma toroli waliopita karibu wakabaki na rangi nyeupe mabegani.

Siku ya mtihani Mama Pacha alifika mapema. Bibi alikuwa ameshaketi nyuma na bakuli lake. Hawakusalimiana. Mama Pacha aliifungua programu yake, arobaini ikiwa bado mahali pake, akaiendesha. Glasi aliijaza mapema. Mumewe alipoingia alimwekea mkononi kabla hajauliza.

"Unajua kwamba umeshakuja mara nyingi?" alimuuliza.

"Najua ninapofika mlangoni. Nikiingia, kiu inanitangulia, nasahau."

"Nikuache?"

Baba Pacha alifikiri. "Ukiniacha watasema nilikuwa na homa."

"Wameshasema. Na mama yako anasema hata bila homa ni mimi."

"Mama ndivyo alivyo," alisema Baba Pacha. Alijifuta uso kwa mkono wa shati, na shati lilikuwa limelowa kuliko uso. "Nimechoka, Mama Pacha. Niache."

SAWA, iliandika kompyuta.

Makarani waliingia, mkufunzi akagawa karatasi za maswali, na wote wakaandika. Mama Pacha aliweka kidole juu ya nne. Alifikiria kiti chake, ada ya pacha, toroli. Alifikiria pia kiganja kile ukutani, na hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote, ingawa baadaye, akijiuliza, hakuwa na uhakika. Alifuta nne, akaandika tano. Programu ikaendeshwa. Chumba kilipata joto vile vile, maana mstari ulikuwa ule ule, viti vikanywea, jasho likamtoka kila mtu. Lakini mlango haukufunguka. SAWA, iliandika, mpaka chini.

Bibi alisubiri mpaka skrini zote zikatulia. Kisha akaja mpaka kwenye meza ya mkwe wake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alisema naye bila mpatanishi.

"Mara ya kwanza ulipomwacha sikuona," alisema. "Hii nimekuona kwa macho yangu."

Mama Pacha alifaulu. Bwana Tai alifaulu kuliko wote, akafanywa mkuu wa ripoti, akakaa pale pale nyuma yake, sasa kwa cheo. Walioshindwa waliteremka ngazi ya chuma wakiwa wamebeba mikoba yao, na hakuna aliyewaaga. Kazi ya Mama Pacha ikawa kuchapisha ripoti ya joto kila alasiri na kuipeleka isainiwe.

Mkufunzi alipoletewa kundi jingine, Bibi aliendelea kuja. Alisikiliza kutoka kiti cha nyuma, hakuandika chochote, na mara kwa mara alimwambia jirani yake kwamba amekosea. Hakutaka kujua programu yote. Alitaka kujua mahali pa namba. Alipokwisha kujua, alipewa mashine moja iliyokuwa imevunjika kona, akawa kila siku anaifuta tano na kuandika nne, anaiendesha, na mwanawe anakuja. Mama Pacha, ambaye alikuwa amemwacha, alijikuta akishuka uani na jagi, kwa sababu hakuna mwingine ambaye angeshuka. Bwana Tai alilipeleka shauri kwa meneja. Meneja alisema mama wa marehemu ana haki ya kufarijiwa, mradi asichapishe. Wakamtengenezea kitambulisho cha mgeni cha kudumu.

Kiangazi kikarudi. Bwana Tai aliunganisha grafu mpya na ya zamani, ili mwaka usomeke kwa mkupuo mmoja, na kitanzi kikawa kirefu zaidi. Alasiri moja, Baba Pacha akiwa ameshakuja na kuondoka, mashine ya Bibi iliendelea kusoma. Ilishuka, ikapita masika, ikaanza kupanda tena. Joto likaingia kwa mara ya pili. JUU. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamume ambaye hakuna aliyemjua, glavu zake bado ngumu kwa upya.

"Maji yapo?" aliuliza.

Mama Pacha alimpa. Mtu yule akanywa, akasema amemwomba msimamizi atoke kidogo, akaambiwa amalizie toroli kwanza. Kisha akafanya jambo ambalo Baba Pacha hakuwahi kupata nafasi ya kulifanya: akaketi. Mstari wa siku ile ulikuwa bado unapanda. Bibi alimsogezea bakuli, naye akala.

"Samahani, ndugu," alisema Mama Pacha. "Wewe uko hai?"

"Kwa sasa, dada," alijibu, akiendelea kula.

Kutoka dirishani paa la tanuri lilionekana, ng'ambo ya uwanja, hewa ikitetemeka juu yake. Haikuwa mbali. Mtu angeweza kwenda kumtoa bila kukimbia. Bibi alimtazama mkwe wake, na hakuvitafuta viti wala wajukuu.

"Na huyu naye ana homa?" aliuliza.

Kwenye skrini ya Mama Pacha mwenyewe siku ile ilikuwa imeshasomwa. SAWA, iliandika, kama jana yake.

"Ripoti, Mama Pacha," alisema Bwana Tai kutoka nyuma. "Meneja anafunga."

Mama Pacha aliijaza glasi tena, akaiweka mbele ya yule mtu, karibu na mkono wake wa kulia. Alichukua karatasi kwenye printa, akainyoosha, akaipeleka. Bwana Tai alisaini bila kuisoma, akampa aishushe kwa meneja. Alishuka, meneja akaisaini pia, akamuuliza pacha wanaendeleaje, naye akajibu kwamba hawajambo.

Aliporudi juu, kiti kilikuwa kitupu na mlango umefungwa. Bibi alikuwa akilifunga bakuli kwenye kitambaa.

"Amekula chote," alisema.